Mpe Mchezaji Jambo la Kuamua: Hotuba kwa Vijana Wanaotaka Kubuni Michezo ya Mezani

Wazee wetu mliokuja na mabao yenu, shikamooni. Walimu, wazazi, na ninyi vijana mliojaza viti vya mbele, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze na wale wanaotaka kubuni michezo ya mezani: ya ubao, ya karata, ya dadu, ya kete. Maswali mliyoyaandika kwenye vikaratasi nimeyasoma yote. Mengi yanahusu kuchapa: nichape wapi, itanigharimu kiasi gani, nani atanunua. Nitafika huko. Lakini naanza na swali ambalo halikuwemo kwenye vikaratasi, na ambalo mimi hujiuliza kila ninaposhika sampuli ya mchezo, iwe ya mtu mwingine au yangu mwenyewe. Zamu ikimfikia mchezaji, anaamua nini?

Chukueni michezo miwili mliyoijua tangu utotoni, nyoka na ngazi na ludo. Yote asili yake ni India. Nyoka na ngazi ulikuwa mchezo wa kufundishia maadili: ngazi ni matendo mema, nyoka ni maovu. Unatupa dadu, unasogea, ukikutana na nyoka unashuka. Ukimwachia mwenzako akutupie dadu, wewe ukaenda kunywa maji, mchezo haubadiliki hata kidogo. Ludo nayo inaendeshwa na dadu, lakini una kete nne. Umepata 5: uiokoe ile ya nyuma inayofukuzwa, uisogeze ya mbele iliyokaribia kufika, au uipige ya jirani na yeye anakuangalia? Dadu ni ileile. Kilichoongezeka ni kete tatu, na hizo tatu ndizo zilizoleta uchaguzi. Ndiyo maana watu wazima bado wanapandishiana sauti kwenye ludo, ilhali nyoka na ngazi wamewaachia watoto.

Sasa tuje kwenye bao, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna darasa la ubunifu wa michezo lililo karibu nasi zaidi ya hili. Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Hakuna dadu. Hakuna kadi iliyofunikwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya wachezaji na mbele ya watazamaji wote wanaoegemea ukuta wa baraza. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba, kisha 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, anazo mkononi, na katika namua, hatua ya kwanza ya mchezo, anaziingiza moja moja. Akila, kete alizokula hazitoki mchezoni. Anazisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu yake ya mbele. Kwa hiyo kete 64 zipo mwanzo mpaka mwisho, zinahama tu, na aliyebanwa sasa hivi anaweza kugeuza bao zamu mbili mbele.

Tazameni ile nyumba kwa makini. Mchezaji amekula, anasambaza, na kete yake ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yake ambayo bado ni nyumba kamili. Hapo kanuni inampa hiari. Alale, akiba yake ibaki palepale, zamu ipite. Au asafiri: azoe zote, aendelee kusambaza, pengine ale tena na tena, lakini nyumba imekwisha na hairudi. Wazee mnajua ukimya unaoingia barazani wakati huo. Anayecheza ameshika kidevu, watazamaji wamekwisha kujua wangefanya nini wao, na adabu inawazuia kusema. Ukimya wote huo umeletwa na kanuni moja, juu ya shimo moja. Aliyeubuni mchezo huu, au vizazi vilivyouunda kidogo kidogo, hawakuongeza kete za rangi wala hawakuongeza kadi za bahati. Waliweka jambo zito la kuamua mahali ambapo mchezaji hawezi kulikwepa. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima ya chuo kikuu kuhusu namna mafundi wa bao wa Zanzibar wanavyofikiri. Sisi tunao hapa, wamekaa safu ya tatu. Kabla hujasoma mwongozo wowote wa ubunifu, kaa nao.

Nije kwenye kazi yenyewe. Tuseme unataka kubuni mchezo wa daladala. Vijana wengi wataanza kwa kuchora: Mbagala huku, Kariakoo kule, magari yenye rangi za ruti, picha ya trafiki mwenye kofia nyeupe. Kisha dadu moja: tupa, songa, okota kadi, soma kadi, fanya inavyosema. Mchezo utapendeza machoni. Lakini uondoe picha, na utakuta ni nyoka na ngazi.

Weka rangi pembeni, kaa na konda. Muulize, au mtazame tu siku nzima, ujue anaamua nini. Anaamua kusubiri kituoni gari ijae, au kuondoka na viti vitupu kabla lile la nyuma halijamwahi kituo kinachofuata. Anawaza hesabu ya tajiri, ile fedha ya mwenye gari ambayo lazima itimie jioni, watu wawepo wasiwepo. Anaamua kufika mwisho wa ruti au kukatisha njiani, na akikatisha anahatarisha faini. Hayo ndiyo mchezo. Kazi yako ni kuyahamisha hayo mezani kwa kanuni chache kadiri inavyowezekana.

Kwa mfano, badala ya dadu moja, mpe kila mchezaji dadu mbili. Anatupa zote, kisha anachagua: moja iwe vituo atakavyosogea, nyingine iwe abiria atakaopakia. Ametupa 6 na 1. Aruke vituo sita na abiria mmoja, au apakie sita na asogee kituo kimoja? Bahati bado ipo, lakini sasa ina mwenyewe. Ongeza hiari moja: akitaka kusubiri, atupe tena dadu moja apate abiria zaidi, ila gari lililo nyuma yake linasogea kituo kimoja bure. Na abiria wahesabiwe kwenye hesabu ya tajiri pale tu gari linapofika mwisho wa ruti. Nimetumia dadu mbili na kanuni tatu, na tayari kuna watu mezani watakaoanza kumwambia mwenzao, "Ondoka wewe, utaachwa!" Huo ni mfano tu, uchukueni, uharibuni, uboresheni. Nataka mwone njia niliyopita: kutoka kwa mtu anayefanya kazi, kwenda kwenye uamuzi wake, na kanuni zikaja baadaye.

Kama utatumia jumla ya dadu mbili badala ya kuzitenganisha, chukua karatasi uchore jedwali, 1 mpaka 6 juu, 1 mpaka 6 ubavuni. Utapata visanduku 36. Jumla ya 7 imo kwenye visanduku 6. Jumla ya 2 imo kwenye kimoja tu, na 12 vivyo hivyo. Mchezo wa Catan, alioutoa Mjerumani Klaus Teuber mwaka 1995, umejengwa juu ya jedwali hilohilo: namba 6 na 8 zimechapwa kwa rangi nyekundu ili mchezaji aone haraka kwamba ardhi hiyo itazaa mara nyingi, na 7, inayotokea kuliko zote, inamleta mnyang'anyi. Teuber alikuwa fundi wa meno ya bandia, akibuni michezo baada ya kazi na kuijaribu na familia yake nyumbani. Hesabu hiyo ya visanduku 36 mnaifundishwa sekondari. Itumieni. Mbunifu asiyeijua hugawa zawadi kubwa kwa jambo linalotokea kila mara, na adhabu kali kwa jambo lisilotokea kabisa.

Kuna kazi moja ningependa mmoja wenu hapa aibebe, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Mchezo wa maneno wa Kiswahili. Mnaujua Scrabble, ule wa kupanga vigae vya herufi ubaoni kuunda maneno. Ulibuniwa na msanifu majengo wa Marekani, Alfred Butts, aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Kabla ya kuamua vigae vingapi vya kila herufi, alikaa na magazeti akahesabu herufi moja moja. Ndiyo sababu katika seti ya Kiingereza yenye vigae 100, E ziko 12 na A ziko 9, ilhali Q ni moja yenye pointi 10 na K ni moja yenye pointi 5.

Sasa chukua seti hiyo ujaribu kucheza Kiswahili. Q na X hazina kazi. C haina kazi bila H. K, inayoanzisha "ku-" na "ki-" zote, umepewa moja. Hebu tuhesabu sentensi fupi: "Watoto wanacheza bao barazani." Ina herufi 26. A peke yake ni 8. Irabu zote ni 13, nusu kamili. Sentensi moja haitoshi kuamulia seti nzima, ndiyo maana nasema mtu akae na magazeti ya wiki nzima na hadithi kadhaa, ahesabu, apange vigae upya na pointi upya. Programu ndogo ya kompyuta itakufanyia kwa dakika chache kazi iliyomchosha Butts macho.

Lakini kuhesabu ni mwanzo tu. Kiswahili kina jambo ambalo mchezo wa Kiingereza haukulipangia nafasi: neno hukua pande zote mbili. Mtu wa kwanza anaweka PIGA. Wa pili ana N na A, anaongeza nyuma: PIGANA. Wa tatu ana W na A, anatanguliza mbele: WAPIGANA. Wa nne, mwenye J na I, anamalizia: WAPIGANAJI. Kila mmoja ametumia vigae viwili tu, na neno limetoka herufi 4 hadi 10. Hapo uamuzi umejaa tele. Niongeze kwenye neno la mwenzangu, au nifungue jipya? Nikiacha PIGA wazi, nani mezani ana NA? Pointi apate aliyeanzisha mzizi au aliyeurefusha? Je, "sikuwapigia" liruhusiwe, au tukubali maneno yaliyo vichwa vya kamusi peke yake? Ukiruhusu minyambuliko yote, anayejua sarufi atatawala. Ukizuia yote, umekata mikono ya lugha yenyewe. Mimi ningeruhusu, kisha ningeweka kikomo cha vigae kwa zamu, viwili au vitatu hivi, ili neno likue taratibu mikononi mwa watu tofauti. Pengine wewe utaona vinginevyo baada ya kujaribu. Na CH, SH, NY, NG' ziwe kigae kimoja kimoja au herufi zitenganishwe? Hayo yote yanataka mtu mwenye subira na meza yenye watu.

Na hapo ndipo tunafika kwenye sampuli. Tengeneza ya kwanza leo usiku. Nunua karatasi ya manila, rula, penseli, mkasi. Kadi ya kawaida ya mchezo ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88, na kwa kipimo hicho zinaingia tisa kwenye karatasi moja ya A4, tatu kwa tatu. Kete ziwe vizibo vya soda, kama wacheza drafti wanavyofanya kila mtaa, au maharage na choroko kama unahitaji rangi mbili. Dadu ondoa kwenye seti ya ludo ya nyumbani. Andika kwa penseli, maana utafuta. Usichore picha wala usimlipe mchoraji. Kadi iliyochorwa vizuri inakuwa ngumu kuitupa, na wewe kwa sasa unahitaji kutupa nyingi. Andika tarehe nyuma ya kila toleo na uyatunze ya zamani kwenye bahasha, kwa sababu mara nyingine kanuni uliyoiondoa mwezi uliopita ndiyo utakayoihitaji.

Cheza peke yako kwanza, ukikaa kila kiti kwa zamu. Mchezo ukikwama hapo umeokoa jioni ya rafiki zako. Ukipita, waite.

Kuhusu majaribio nina jambo la kusema ambalo ni letu hasa. Sisi ni watu wa adabu. Ukimkaribisha mtu nyumbani, ukamwekea chai, ukamwonyesha mchezo ulioutengeneza kwa mikono yako, atakuambia ni mzuri sana, hongera, endelea hivyohivyo. Hakudanganyi kwa ubaya. Anakuheshimu. Lakini maneno hayo hayakusaidii kubadilisha kadi hata moja. Kwa hiyo usiulize kama ameupenda. Uliza: "Wakati gani hukujua la kufanya?" Uliza: "Kuna jambo ulitaka kufanya ukakuta haliwezekani?" Uliza: "Ulijua lini kwamba umeshindwa?" Swali hilo la mwisho ni la thamani kubwa. Mtu akikuambia alijua ameshindwa tangu katikati, maana yake nusu ya pili ya mchezo wako alikaa tu kwa heshima.

Zaidi ya maswali, tazama mikono. Mchezaji anayefikiri hushika kete, huirudisha, hushika nyingine. Mchezaji aliyechoka hupanga vizibo vyake kwa mistari mizuri na kutazama simu. Ukiona zamu inapita bila mtu kusita hata mara moja, andika: hapo hakuna uamuzi. Ukiona mtu anasita mno mpaka wenzake wanaanza mazungumzo mengine, andika pia: hapo machaguo yamezidi, au matokeo yake hayaeleweki. Wewe kaa kimya. Ni vigumu. Utamwona mtu anacheza visivyo, mdomo utawasha kumsahihisha. Nyamaza, andika. Siku mchezo utakapouzwa dukani hutakuwepo kwenye kila meza kueleza ulichokusudia.

Wajaribishaji wawe wa aina tatu, kwa mpangilio huu. Kwanza watu wako wa karibu, kwa sababu watavumilia mchezo uliovunjika. Halafu wachezaji wa kweli: wazee wa bao, vijana wa drafti, wale wa keram na dhumna. Hao watatafuta mwanya wa kushinda ambao hukuuona, na watauona mapema. Mwisho, watu wasiokujua, wakiwa na boksi na karatasi ya kanuni peke yake, wewe ukiwa umekaa kona ya chumba bila kusema neno. Jaribio hili la tatu ndilo linalopima maandishi yako. Na sifa pekee ya kuaminika katika majaribio yote ni watu wakikusanya kete na kusema, "Tuanze tena."

Kanuni zenyewe ziandikwe kwa utaratibu ambao mtu anauhitaji: mchezo unahusu nini na anashindaje, ubao unapangwaje, zamu inakwendaje, mchezo unaisha lini. Mambo ya nadra yaende mwisho. Chagua jina moja kwa kitu kimoja na ubaki nalo. Ukiita "kadi" ukurasa wa kwanza na "karata" ukurasa wa pili, msomaji atadhani ni vitu viwili na atatafuta cha pili kwenye boksi. Kuwa mkali na hiari na lazima. "Mchezaji huchukua kadi mbili" inaacha ugomvi: je, akitaka moja? Andika "lazima uchukue kadi mbili" au "unaweza kuchukua kadi moja au mbili". Na zungumza na msomaji moja kwa moja: tupa dadu, songa, lipa.

Juu ya mada nina ombi. Mwaka 2015 Alexander Pfister wa Austria alitoa mchezo uitwao Mombasa, kuhusu makampuni ya biashara barani Afrika wakati wa ukoloni, wachezaji wakigombea hisa za makampuni hayo. Una mitambo mizuri, yaani kanuni zinazouendesha, na unasifiwa na wachezaji wengi. Mwaka 2022 mitambo ileile ilitolewa upya kwa jina la Skymines, safari hii wachezaji wakichimba madini mwezini na kwenye sayari ndogo. Kama kanuni zinaweza kuhama kutoka Mombasa hadi mwezini, basi Mombasa haikuwemo sana ndani ya kanuni. Sisi tunaweza kufanya zaidi. Ukitaka mchezo wa majahazi, usiishie kuchora jahazi. Weka upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na India. Kusi huanza karibu na Aprili na kuvirudisha. Nahodha anayekawia Zanzibar akitafuta shehena zaidi anaweza kukosa upepo wa kurudi na kukaa miezi. Pakia kidogo uondoke mapema, au ngoja karafuu zaidi na uhatarishe msimu? Uamuzi huo ulikuwa wa watu wa kweli, kwenye bahari ile pale. Mchezo wa namna hiyo haungehamishika mwezini.

Fedha sasa, kwa ufupi. Wachapishaji wengi wa nje hupanga bei ya dukani iwe takriban mara tano ya gharama ya kutengeneza, kwa sababu mwenye duka anataka chake, msambazaji chake, na boksi zilizoharibika ni zako. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuingia kiwandani: karatasi, uchapaji, kukata, boksi, dadu, mifuko, usafiri. Utaona kwamba kila kipande unachoongeza kinagusa bei. Kwa soko letu ningeshauri ubuni mchezo unaotumia kadi chache na ubao wa kukunja, na kete mnunuzi azipate jikoni au dukani kwa Mangi. Kumbuka pia tunachezea wapi. Barazani kuna upepo, na pwani kuna unyevu unaokunja kadi nyembamba ndani ya wiki chache. Chapa kwenye karatasi nzito, gramu 300 au zaidi kwa mita ya mraba, iliyopakwa plastiki. Bao halipeperushwi, kete zimekaa mashimoni. Fikirieni hilo mnapopanga kadi zikae wapi wakati wa mchezo. Anza na nakala chache, uziuze kwa mkono, usikilize.

Wengi mmeuliza kuhusu kuibiwa wazo. Hakimiliki, hapa kwetu chini ya sheria ya mwaka 1999 na kwa nchi nyingine vilevile, hulinda maandishi ya kanuni zako, picha na michoro yako. Wazo la kutupa dadu na kupakia abiria haililindi. Kwa hiyo sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au KECOBO kama uko Kenya, na jina la biashara yako BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha endelea kuuonyesha mchezo. Mchezo uliofichwa kabatini haukui. Tahadhari kubwa iwe siku ya mkataba. Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya mchezo wake, The Landlord's Game, mwaka 1904. Aliubuni ili watu waone jinsi umiliki wa ardhi unavyowatajirisha wachache. Mchezo ukasambaa, watu wakinakili majumbani na kubadilisha kanuni, mpaka mwaka 1935 Charles Darrow alipoiuzia kampuni ya Parker Brothers toleo lake lililoitwa Monopoly. Darrow akapata mgawo wa mauzo na utajiri. Magie kampuni ilinunua hataza yake kwa dola 500, bila mgawo. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kusaini, tafuta mistari mitatu: utapata asilimia ngapi ya mauzo na italipwa lini, mkataba unaisha lini, na haki zinarudi kwako vipi kama kampuni itaacha kuuchapa. Kama mmojawapo haumo, omba uandikwe kabla hujashika kalamu.

Nimeongea vya kutosha. Kwenye meza za nyuma kuna karatasi za manila, mikasi, penseli, dadu na ndoo ya vizibo. Kaeni wanne wanne, na kila meza iwe na mzee mmoja wa bao au drafti. Chagueni kazi mnayoijua: ya mama lishe, ya fundi baiskeli, ya mvuvi, ya bodaboda. Kabla hamjakata kadi hata moja, andikeni juu ya karatasi sentensi moja inayosema mtu huyo anaamua nini katikati ya kazi yake, na kila uamuzi unamgharimu nini. Nitapita kila meza kusoma sentensi hiyo kwanza. Baada ya chakula, kila kundi litahamia meza ya jirani na kucheza mchezo wa wenzao, wenyewe wakiwa kimya. Karibuni tuanze.